Wote Walikufa Jana Asubuhi

Nilikaa Louisville, Marekani, miaka mitatu bila mtu hata mmoja kuniuliza nilikuwa nani kabla sijawa mfungaji wa maboksi. Silalamiki. Katika ghala letu alikuwemo mwalimu wa hesabu, mchungaji wa kanisa kutoka milima yetu ya Kivu, na daktari wa ng'ombe aliyekuwa na shahada mbili, na wote tulibandika lebo zilezile. Lakini mimi ni mtu wa majivuno kidogo. Mke wangu anasema si kidogo. Kazi yangu ya zamani ilikuwa imekaa moyoni mwangu kama suti nzuri iliyokosa arusi ya kwenda.

Nilikuwa karani wa état civil, yaani ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mji gani, sitasema, na sababu utaiona mwenyewe. Inatosha kujua kwamba ilikuwa Kivu ya Kusini, chini ya milima, kando ya ziwa. Kwa miaka kumi na mmoja niliandika watu katika vitabu vikubwa, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kulala ambao watawa walinifundisha kwa rula ya mbao. Mtoto angeweza kulia mwezi mzima, lakini kwa serikali hakuwa amezaliwa mpaka mimi nimchovyee kalamu.

Meza ya jirani yangu pale ghalani ilikuwa ya mama mmoja wa Vietnam. Alikuwa na miaka sitini na sita, mfupi, mwepesi, na alifunga maboksi kunishinda mimi na vijana wawili. Tuliishi katika magorofa yaleyale ya Newburg, yeye ghorofa ya chini, sisi ya juu, kwa hiyo alinikemea kazini kwa kufunga boksi vibaya, na nyumbani kwa sababu watoto wangu walikimbia juu ya kichwa chake. Kiingereza chake kilichechemea mguu wa kushoto, changu mguu wa kulia, na hivyo tulitembea pamoja vizuri. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mister, basi.

Siku moja wakati wa chakula nilimkuta anaitazama simu yake kwa uso wa mtu anayetaka kuipiga kofi. Nikachungulia. Ni tabia mbaya, najua, lakini makarani wote wana ugonjwa huo. Kwenye kioo palikuwa na picha ya karatasi ya zamani, chafu, nusu yake ukungu mtupu. Na juu kabisa, kwa mwandiko wa kulala, mwandiko wangu mimi kabisa, niliona maneno ya Kifaransa ambayo niliyaandika mara nyingi kuliko jina langu: katika mwaka elfu moja mia tisa na kadhaa, siku ya kadhaa, mbele yetu sisi. Sikujizuia. Nikasimama nikasoma kwa sauti ileile ya ofisini, mkono mmoja nyuma ya mgongo, mbele ya mashine ya soda. Watu wakageuka. Mama akaacha kutafuna.

Akanieleza, na ilichukua siku mbili za chakula cha mchana hadi nielewe. Kwao, siku aliyokufa mzazi ni kubwa kuliko siku yoyote aliyozaliwa mtu. Kila mwaka siku hiyo watoto wanapika, wanapanga vyombo, wanawasha ubani, na marehemu anaalikwa kuja kula. Siku inahesabiwa kwa mwezi wa angani. Ukiikosea, mzee anafika anakuta meza tupu, na aibu ni yako. Baba yake alikufa wakati Wafaransa bado wanatawala, yeye akiwa na miaka minne. Mama yake alimwambia siku ni ya kumi na mbili ya mwezi wa tisa, na siku hiyo aliishika maisha yake yote.

Alikuwa na kaka mmoja tu, miaka sabini na sita, anaishi Buffalo. Kwa miaka mingi walikuwa wakiandaa pamoja. Akiweza alipanda basi akaenda, asipoweza kila mmoja alipanga meza yake na simu ikawa katikati. Kisha mpwa wao wa Columbus, mtoto wa binamu yao, akaandika barua huko Vietnam, akalipia, na akapata nakala ya ukurasa wa kitabu cha vifo. Akamsomea mjomba wake tarehe ya juu. Ilikuwa karibu miezi miwili baada ya ile ya mama yao. Kaka akasema karatasi ni karatasi, wewe ulikuwa na miaka minne. Akahamisha siku. Dada akakataa kuhama. Mwaka wa pili sasa walikuwa hawapigiani simu, na kipupwe kilichopita kaka alipasuliwa moyo, na dada akapata habari kwa mpwa.

"Baba anakula mara mbili," Mama akaniambia, "lakini kila mara anakula na mtoto mmoja tu."

Nikamwambia neno ambalo karani yeyote wa ofisi yetu angemwambia. Tarehe ya juu si ya kifo. Ile ni siku ambayo karani alikaa kitini na mtu akaja mbele yake kutangaza. Siku ya kifo inaandikwa chini, katikati ya maneno, na watu wote duniani wanaikosea. Chini, kwenye picha yake, palikuwa ukungu.

Nilivyofurahi siku ile ni aibu kuandika. Nilipanda ngazi za Newburg mbili mbili. Kuna mtu alikuwa ananihitaji, na si kwa ajili ya mikono.

Habari zikapita kutoka kwa Mama kwenda kwa mpwa, na kutoka kwa mpwa kwenda Buffalo. Jibu la kaka likarudi limenyooka kama yeye: atakubali tu ikisomwa mbele ya macho yake, na mtu anayejua. Mpwa naye akasema nakala imefifia, haipigiki picha, mwende mkaichukue. Mama akachagua wikiendi, mwisho mwisho wa Oktoba. Mimi nikaomba ruhusa ya Ijumaa. Kilichobaki kilikuwa mke wangu.

"Donc weye uko naenda mpaka Buffalo juu ya karatasi ya mufu ya Vietnam," akasema, "na baba yako ye mwenyewe hana karatasi."

Nikamjibu kwamba mganga hajigangi. Akasema mganga gani, wewe ulikuwa unaandika tu. Lakini alikuwa anacheka, na Ijumaa alfajiri nilikuta ameniwekea sombe, kisamvu chetu, kwenye bakuli la plastiki na chikwanga nne, mikate ya muhogo, zimefungwa kwenye majani, za kwangu mbili na za "ule mama" mbili.

Mpwa alitupokea Columbus mlangoni akiwa bado na unga wa mikate kwenye nywele, ametoka zamu. Akatoa bahasha ya kaki. Nikanyoosha mkono. Mama akanipiga kibao cha vidole, akaichukua, akaitia ndani ya mfuko wake, na tulipoingia garini akaukalia mfuko. Haitafunguliwa mpaka Buffalo, akasema, kaka asije akasema tumeipika njiani.

Kwa muda wa saa tano na ushei niliendesha gari na kifo cha mtu kimekaliwa pembeni yangu. Nilijaribu kila hila. Nikasema labda tuangalie isije ikawa imekunjika. Haijakunjika. Nikasema karatasi za zamani zinahitaji hewa. Zimekosa hewa miaka sitini, hazijafa. Nikasema mimi kama mtaalamu ninapaswa kujiandaa. Akasema mtaalamu aangalie barabara. Mvua ikanyesha tangu Cleveland, wiper moja ya gari langu inafanya kazi na nyingine inaigiza, na sisi tunacheka kama watoto waliotoroka shule.

Tuliposimama kula kwenye kituo cha barabarani, nikatoa chikwanga. Akaitazama. Akafungua mfuko wake akatoa keki za wali, nazo zimefungwa kwenye majani ya mgomba, zimekazwa kwa uzi, urefu uleule, fundo lilelile. Tukaziweka kwenye benchi hatujui ipi ya nani. Alicheka mpaka akanishika mkono. Chikwanga akaila nusu, kwa heshima, akasema ni kama gundi nzuri.

Buffalo tulipita Grant Street kwanza, kwa sababu hakutaka kufika kwa kaka yake mikono mitupu. Yeye akaingia duka la Waburma kutafuta ubani na matunda. Mimi nikasikia Kiswahili chetu kinatoka mlango wa pili, nikajikuta ndani. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwetu, akaniuliza ninaenda wapi na suti siku ya mvua. Nikamwambia ninaenda kwenye kumbukumbu ya mtu aliyefariki zamani za Wafaransa. Akanipa pole kwa uso mzito, akanifungia ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, kwenye gazeti, akasema mufiwa hamuendee na mikono tupu, hata kama ni mufiwa ya zamani.

Kaka yake alitufungulia akiwa amevaa tai. Alikuwa mrefu, mkavu, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji. Kwa dada yake aliinamisha kichwa tu, kidogo, kama mtu anayemwitikia karani wa benki. Mimi akaniangalia toka viatu mpaka suti, akaniuliza kwa Kifaransa, Kifaransa kizuri cha shule ambacho sikuwa nimekisikia tangu nyumbani, kama mimi ndiye ofisa wa état civil. Nilikuwa karani. Nikasema ndiye.

"Monsieur," akasema, na akanivutia kiti.

Tulikaa watatu. Kwenye kabati ukutani palikuwa na picha ya mama yao, na pembeni yake fremu isiyo na picha, kwa sababu baba hakupigwa picha hata siku moja. Mama akatoa mfuko, akatoa bahasha, akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa vidole viwili. Kaka akanipa kioo cha kukuzia. Sijawahi kuogopa hivyo hata siku ya mtihani wa serikali.

Ulikuwa ukurasa mzima wa kitabu, na vifo vitatu ndani yake, kila kimoja na namba yake. Cha juu kilikuwa cha baba yao. Nikasoma kwa sauti ya ofisini, polepole. Tarehe ya juu. Mbele yetu sisi. Amefika fulani, mkulima, jirani wa marehemu. Ametutangazia kwamba mtu fulani, miaka thelathini na tisa, mume wa fulani, amefariki kijijini kwake jana, saa kumi na mbili asubuhi.

Kaka akagonga meza taratibu kwa kiganja. Jana. Kwa hiyo siku yake ilikuwa imepotoka kwa siku moja tu, na ya dada yake kwa karibu miezi miwili. Mama akanivuta mkono wa koti akitaka kujua. Nikamwambia kwa Kiingereza, karatasi inasema ni jana yake. Alichukua mfuko wake kutoka mezani akaupakata, akawa mdogo kuliko nilivyowahi kumuona.

Nilijisikia mshenzi. Nimemleta mama wa watu kutoka Louisville mpaka mpaka wa Kanada kwa furaha yangu mwenyewe, nije nimpokonye baba yake. Ili nisimtazame, nikaendelea kusoma kimya. Kifo cha pili: kijiji kilekile, jirani yuleyule, siku ileile. Mzee mmoja, amefariki jana, saa kumi na mbili asubuhi. Nikashuka cha tatu. Bibi wa miaka themanini. Jirani yuleyule. Jana, saa kumi na mbili asubuhi.

Nikacheka. Siyo kutabasamu: nilicheka kwa sauti, mdomo wazi, na suti yangu, mbele ya wafiwa na picha ya mama yao. Kadiri nilivyojizuia ndivyo kicheko kilivyozidi kutoka, hata puani. Kaka akakivuta kioo chake kutoka mkononi mwangu.

Sababu ni hii, na ndiyo maana mji wangu siutaji. Watu wa milimani kwetu walikuwa wanatembea siku mbili, tatu kushuka ofisini. Hawaji kwa kila kifo. Kijiji kinamtuma mtu mmoja anayeteremka sokoni, na anabeba marehemu wote kichwani mwake. Anasimama mbele yako, vumbi mpaka magotini. Unamuuliza alikufa lini. Anasema tulikuwa tunavuna maharage. Sasa sheria imetoa siku chache tu, na zikipita lazima aende mahakamani, atafute hakimu na mashahidi, na mama mjane huko juu hatapata karatasi milele. Unamtazama yule mtu. Unaitazama kalamu. Unaandika: jana. Saa ngapi? Unaandika saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu hakuna mtu anayegombana na saa kumi na mbili asubuhi. Ofisini kwetu ulikuwa utani: watu wa mlimani hawafi siku nyingine, wanakufa jana tu.

Na hapa, chini ya bendera nyingine, kabla mimi sijazaliwa, karani mmoja wa Vietnam ambaye sitamjua alikuwa amefanya huruma ileile na uvivu uleule, mpaka saa ileile. Nilimpenda yule mtu. Ningeweza kumnunulia bia.

Kisha kicheko kikaisha, nikaona ninachopaswa kufanya. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima, naitwa ofisa. Kusema kweli ilikuwa ni kusema kwamba nilikuwa karani, tena karani mwongo. Mama alikuwa ananitazama, si kwa hasira, ila alikuwa anangoja. Nikasema kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza, ili wasikie wote wawili.

"Hii si siku aliyokufa baba yenu. Hii ni siku jirani yenu alipopata nafasi ya kufika mjini."

Kaka akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha vile vifo vitatu kwa kidole, kimoja kimoja. Nikamwambia nimejua kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiandika mimi.

Alisoma ukurasa mwenyewe kwa kioo, juu mpaka chini, mara mbili. Alivua miwani. Aliponiambia yaliyofuata alinitazama mimi, lakini nadhani alikuwa anamwambia dada yake, kwa lugha ambayo dada hakuijua. Alikuwa na miaka kumi na minne, shuleni mjini, kwa mjomba. Barabara ilifungwa kwa vita. Barua ilimfikia imechelewa, haikutaja siku, na alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeota majani. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, ndiye aliyepaswa kutembea mbele ya jeneza. Halafu maisha yake yote alikuwa akiambiwa siku ya baba yake na wengine, hata na mtoto mdogo.

"Karatasi ilipokuja," akasema, "nilisema angalau hii ni yangu."

Nikamtafsiria Mama. Sikuongeza wala kupunguza neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi. Alisikiliza akiwa ameinama. Kisha kaka akamwuliza kitu kwa lugha yao, kifupi, na dada akajibu kwa kirefu. Kaka akainuka akaenda kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi kila siku, yenye tarehe yetu na tarehe ya mwezi wa angani pembeni. Akafunua karatasi moja. Kesho yake ilikuwa siku ya kumi na mbili ya mwezi wa tisa. Akageuka akamtazama dada yake, yule aliyechagua wikiendi, na dada akatazama dari kama mtu asiyejua kusoma. Hapo ndipo mzee akacheka, na tai ikacheka naye.

Jumamosi nzima walipika wakigombana kwa furaha, nani anakata vitunguu vinene, nani ametia chumvi. Ndagala wangu wakapewa kisahani chao katikati ya meza, mbele ya ile fremu tupu. Niliwaona wale samaki wadogo wa ziwa letu pale kwenye moshi wa ubani, na kwa mara ya kwanza nikawafikiria watu wangu wa jana. Walikuwa wengi. Kuna watoto huko milimani, watu wazima sasa, ambao siku moja watatoa karatasi yenye mwandiko wangu mzuri na kuiamini. Nilitaka kuwaandikia wote. Sikujua pa kuanzia.

Kabla ya kula, kaka akaleta karatasi nyeupe na kalamu ya wino. Akaniomba niandike upya, sawasawa. Nikamwambia mimi si ofisa, nilikuwa karani tu. Akasema ofisa hutia sahihi, anayeandika ni karani. Basi nikakaa. Katika mwaka elfu mbili na kumi na tano. Mbele yetu sisi. Amefika binti wa marehemu. Nikaandika siku, ya kumi na mbili, mwezi wa tisa. Kisha nikainua kalamu nikamwuliza Mama, kama sheria inavyotaka, saa ngapi.

Alifumba macho. Kuku walikuwa wanaingia bandani, akasema. Baba alikuwa amelala mlangoni, akauliza kama banda limefungwa. Hakuuliza kitu kingine tena.

Nikaandika hivyo, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kulala: saa ya kuku kuingia bandani. Kaka akavuta karatasi akausoma ule mstari. Akasahau akamwuliza dada yake kwa Kifaransa, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa shule, na nikalazimika kumtafsiria: lilikuwa limefungwa?

"Nililifunga mimi," akasema Mama.